Pole Tele, Nafasi Hakuna

Watu wa Kisumu wana huruma. Naliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kulalamika, asije mtu akasema nawachafulia jina. Nikishuka garini pale barabara ya Oginga Odinga, hata sijasimama sawasawa, nimeshapata pole ya muuza njugu, pole ya mwenye tuktuk, na pole ya mama mmoja ambaye hajui pole ni ya nini ila amesikia wenzake wakitoa. Wahubiri wa kando ya barabara hukatiza mahubiri wakaniombea kwa kipaza sauti. Wakati mmoja vijana wawili walinibeba mzobemzobe, wakanipandisha ngazi za benki mpaka juu, wakanitua, wakapangusa jasho, wakaniambia, "Mungu akubariki, mzee." Sikuwa naenda benki. Nilikuwa nimesimama pale namsubiri mtu.

Lakini sasa omba mita moja ya lami uone. Ile nafasi ya kuegesha iliyopakwa rangi ya buluu na kuchorwa mtu wa kiti cha magurudumu, ile iliyo karibu na mlango, ile ambayo kwa mujibu wa rangi yake ni yangu. Hapo huruma yote ya mji huisha chaji. Nitapewa sala, nitapewa sarafu, nitapewa mapendekezo ya mganga wa Seme anayetibu kwa mizizi. Nafasi sitapewa.

Polio ilinichukua mguu wa kushoto kabla sijajua kazi ya mguu. Natembea kwa magongo mawili na chuma kilichofungwa mikanda ya ngozi kuanzia pajani hadi kiatuni. Gari langu ni dogo na la zamani, na fundi amelitengeneza nikanyage mafuta na breki kwa mkono. Wanaoniuliza kwa nini nisipande matatu kama watu wengine hawajawahi kusimama steji na magongo huku konda akiwatazama kwa jicho la kukisia watamla dakika ngapi. "Mzee, ngoja ya nyuma," huwa anasema. Ya nyuma nayo husema ningoje ya nyuma. Nikanunua gari.

Sasa niwaeleze ninavyotoka garini, maana kesi yote iko hapo. Kwanza mlango lazima ufunguke wote, mpaka bawaba ikatae. Nageuka kitini. Mguu wa kulia unatoka wenyewe, wa kushoto nautoa kwa mikono miwili na kuuweka nje. Naunyoosha. Pale kwenye goti la kile chuma kuna vipete viwili vinavyoteremka na kufunga kiungo mguu ukishanyooka: tak, tak. Visipofunga, nikisimama nitaanguka. Ndipo navuta magongo kutoka kiti cha abiria, nayasimamisha chini, najisukuma juu. Zoezi hili lote linataka kama mita moja ubavuni mwa gari. Wewe mwenye miguu miwili unahitaji shubiri moja tu: unavuta tumbo ndani, unateleza kati ya magari, umeenda zako. Chuma changu hakina tumbo la kuvuta.

Ndiyo maana nafasi ile huchorwa pana. Kule Uingereza nafasi yenyewe ni mita 2.4, kisha unaongezwa ukanda wa mita 1.2 wenye mistari ya mshazari, na ukanda huo hauegeshwi kitu. Ni wa mlango, magongo na kiti cha magurudumu. Hapa kwetu mistari hiyo ikichorwa hueleweka kuwa nafasi ya pikipiki. Nimejaribu kuelewa hoja ya vijana wa boda na nimegundua wana mantiki: upana unatosha, urefu unatosha, kivuli kipo, na hakuna gari lililothubutu kuegesha hapo. Kwa nini mali ipotee?

Kuna duka kubwa hapa mjini, silitaji kwa sababu bado nahitaji unga, ambalo lina nafasi moja tu ya buluu. Jumamosi moja nikafika nikaikuta imelindwa kwa koni ya rangi ya machungwa na soja mwenye rungu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe dunia inabadilika. Nikateremsha kioo.

"Jaduong', hapa haegeshi mtu," akaniambia, akiniita mzee kwa Kijaluo, kwa heshima zote.

"Si hapa ni pa walemavu?"

"Ndiyo."

"Basi ondoa koni niingie."

Akainama akachungulia ndani ya gari. Akayaona magongo kwenye kiti cha abiria. Akaiona stika ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kwenye kioo. Akautazama mchoro wa chini, akanitazama mimi, akarudi kwenye mchoro, na usoni mwake nikaona kabisa kwamba ananionea huruma na kwamba sheria ni sheria.

"Pole sana, jaduong'. Lakini hii ni ya wale wa kiti. Wewe ni wa magongo."

Miaka yote hii, kumbe mimi ni mlemavu wa daraja la pili. Nikawa bado natafuta maneno, nyuma yangu ikanguruma V8 nyeusi, vioo vyeusi, ikapiga honi mara moja. Koni ikaondoka. Rungu likahamia kwapani. Saluti ikapigwa. Nikaambiwa nisogee mbele kidogo, nikasogea, V8 ikaingia ikatulia juu ya yule mtu wa buluu. Akaruka kutoka ndani bwana mmoja wa suti ya michezo, simu mbili mkononi, anatembea kwa kasi ya mtu aliyekunywa maziwa utoto wake wote.

"Na huyo?" nikamuuliza soja. "Huyo ndiye wa kiti?"

"Huyo anacho kiti, jaduong'. Ni mheshimiwa."

Hapo nikashindwa. Nikaenda kuegesha mwisho kabisa wa uwanja, kwenye mapipa ya taka, ambako mlango unafunguka wote kwa sababu hakuna mwingine anayepataka. Kutoka huko hadi dukani ni kokoto tupu, na kokoto na gongo hawajawahi kupatana: unaliweka hapa, linaenda pale. Jua la Kisumu la saa saba mnalijua. Nilipoukaribia mlango, mheshimiwa alikuwa ndiyo anatoka na chupa moja ya maji. Akasimama. Uso ukalegea kwa uchungu. "Pole sana, mzee wangu," akasema, akachomoa noti ya mia mbili.

Nikamwambia mimi sitaki mia mbili, nataka nafasi aliyoegesha. Akadhani napandisha bei, akaongeza mia.

Mia tatu nilizipokea. Msinitazame hivyo, bei ya unga mnaijua.

Sitaki muone kwamba waheshimiwa ndio wabaya peke yao. Wao angalau hawatoi sababu. Wananchi wa kawaida hutoa, na mimi kwa muda mrefu nimekuwa mkusanyaji wa sababu zao.

Ya kwanza ni dakika mbili. "Mzee, pole, ni dakika mbili tu." Dakika mbili za Kisumu hazina undugu wowote na saa. Dada mmoja aliniacha nje na dakika mbili zake, akarudi amesukwa nywele, rasta ndefu mpaka kiunoni, za rangi mbili.

Ya pili ni hazadi. Kuna imani iliyoenea kutoka Kondele hadi Milimani kwamba ukiwasha zile taa za kupepesa, gari lako linakuwa halipo. Unaweza kuliweka mlangoni pa hospitali, katikati ya mzunguko, juu ya kaburi la mtu. Mradi linapepesa, hakuna kosa. Nimewahi kukuta magari mawili yamebanana kwenye nafasi moja ya buluu, yote yanapepesa, kila moja likiliomba radhi jingine.

Ya tatu hutolewa na mwanamume anayechechemea ghafla baada ya kuniona. "Hata mimi mguu huu unanisumbua, nilicheza mpira Jumapili." Anashuka kama askari, ananiona, anaanza kuchechemea. Wengine hukosea mguu njiani.

Ya nne ndiyo inayoniudhi kuliko zote kwa sababu inajifanya ina akili: "Nimekuta pako wazi." Ndiyo, ndugu yangu, pako wazi. Kazi ya nafasi ile ni kuwa wazi. Huwezi kwenda kulala kwenye kitanda cha wodi ya wazazi kwa kuwa umekikuta kitupu. Mwenye nafasi yupo, ila yuko kwenye foleni ya Kondele nyuma ya lori la mchanga, na anakuja.

Na si magari tu. Kwenye nafasi hizi nimekuta jenereta. Nimekuta tangi la maji la lita elfu kumi, likiwa limejaa. Nimekuta hema la kuuzia magodoro kwa bei ya ofa, na kijana wa mauzo akanikaribisha nijaribu kulalia moja kwa vile ninaonekana nimechoka. Disemba nikakuta mti wa Krismasi wenye taa, nazo zilikuwa zinapepesa, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Kanisani je? Kanisani kuna nafasi ya buluu karibu na mlango, na ndani yake kuna gari la askofu kila Jumapili. Mimi naegesha nje ya ua, navuka mtaro, naingia nimelowa jasho, ibada imefika katikati. Na ikifika saa ya maombezi ni mimi ninayeitwa mbele. Mikono inawekwa, mafuta yanamiminwa, kwaya inapandisha, mguu wangu unaamriwa kwa lugha zote unyooke. Nimeketi nikalifikiria jambo hili, nikaona waumini wenzangu wameshapiga hesabu zao: ni rahisi zaidi kuuondoa ulemavu wangu kuliko kuliondoa gari la askofu.

Huo mchoro wa mtu wa kiti cha magurudumu nao una historia yake. Uliundwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, Susanne Koefoed. Alichora kiti na mwili wa mtu, hakuchora kichwa. Mwaka uliofuata bwana aitwaye Karl Montan akaongeza kiduara cha kichwa juu, ili ionekane wazi kuwa aliyeketi pale ni binadamu. Kichwa hicho kimekuwepo tangu 1969, lakini kwa madereva wetu naona bado hakijafika, kwa sababu wanakipandisha tairi bila wasiwasi.

Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1968 ndipo Kenya ilipopata kanuni zake za majengo, na kanuni hizo zikaendelea kutumika kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi zilipokuja mpya za 2024 zilizoanza kazi Machi 2025. Nusu karne na ushei, majengo yamepanda yakafika ghorofa za kuumiza shingo, na mengi yalijengwa na watu walioamini kuwa mteja wao huja na magoti mawili yanayokunjika. Rampu zikijengwa, hujengwa kwa ajili ya makreti ya soda. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180. Mafundi wetu huona huo ni uharibifu wa saruji. Wanakupa sentimita sitini, mwinuko wa kukwea kwa meno, na mwisho wake wanaweka chungu cha maua ili papendeze.

Vyoo vya mchoro uleule nisiviguse sana. Nitasema tu kwamba kila hoteli inayo hicho choo, kimejaa mafagio na ndoo, na ufunguo wake anao mtu aliyekwenda Ahero mazishini.

Msiniambie shida ni sheria. Sheria tunazo za kujaza kabati. Ya mwaka 2003 ndiyo iliyotuletea Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na ikaahidi mazingira yasiyo na vizuizi. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na kwamba ana haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mahali pote. Haikuongeza "isipokuwa mbele ya duka la keki". Mei 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Hebu litafakarini hilo. Seneta asiyeona ameiona shida yetu vizuri kabisa. Dereva mwenye macho mawili, taa nne na kamera ya nyuma haioni rangi ya buluu iliyo chini ya tairi lake.

Sensa ya 2019 ilipata kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi, na kundi kubwa zaidi ni la sisi tunaopata shida kutembea. Asilimia 2.2! Ukihesabu magari yaliyopumzika kwenye nafasi zetu Jumamosi alasiri, utadhani nusu ya taifa imepooza, na kwamba ugonjwa huo hushambulia zaidi wenye Prado.

Wala si sisi wa ziwani peke yetu. Waingereza wana beji ya gari la mwenye ulemavu tangu 1971. Mwanzo ilikuwa ya rangi ya machungwa, ikawa ya buluu mwaka 2000. Anayeitumia bila haki anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Pamoja na hayo, mahakama zao kila mara zinapokea wajukuu waliokamatwa wakiegesha kwa beji ya bibi, na bibi hayumo garini, na wakati mwingine bibi hayumo hata duniani. Ujanja ni uleule wa kwetu. Tofauti ni kwamba kule yuko mtu wa kuandika faini. Hapa ukikosa kulipia maegesho, chuma cha manjano kinafungwa kwenye gurudumu lako kabla hujamaliza kuagiza chai. Chuma hicho nakiheshimu. Ningependa tu siku moja nikione kimefungwa kwenye gurudumu lililoegeshwa juu ya mtu wa buluu, nipige picha, niitundike sebuleni.

Nisiwe mwonevu pia. Si kila ashukaye pale akitembea wima ni mwizi. Huku kwetu ziwani, kwenye malaria ya miaka na mikaka, kuna selimundu nyingi, na mtu wa selimundu anaweza kuonekana mzima asubuhi na adhuhuri asiweze kupiga hatua kumi kwa maumivu. Kuna wenye moyo mbovu, kuna wanaosafishwa figo. Hao hawana magongo wala kiti, na mara ngapi wametukanwa na watu wenye nia njema! Kwa hiyo mimi huwa situkani. Huuliza tu, kwa upole, "Una stika?" Mwenye haki hunionyesha, na tunapeana salamu za watu wanaojuana. Asiye na haki hukumbuka ghafla kwamba simu yake inaita.

Mwezi uliopita nilikwenda Dunga kula samaki. Pale ufukweni panapoegeshwa magari hapakuwa na rangi ya buluu, hapakuwa na mchoro, hapakuwa hata na lami. Palikuwa na mchanga, mitumbwi iliyopinduliwa, na kijana mmoja wa kandambili aliyekuwa anayapanga magari kwa kupiga mluzi. Akanipungia mkono niingie. Akayaona magongo. Nikaiandaa shingo yangu kwa pole.

"Unataka nafasi kiasi gani huo upande wa mlango?" akaniuliza.

Katika maisha yangu ya udereva hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza hakuwa mhandisi wala seneta. Nikanyoosha mkono nje ya dirisha kumwonyesha. Akaenda akaleta jerikeni ya njano, akaijaza maji ya ziwa isiondoke, akaiweka mita moja na kitu kutoka mlango wangu. Nikatoka kwa raha: tak, tak, nikasimama. Nikala ngege wa kukaanga na ugali mpaka nikalegeza mkanda. Akafika mtu na Probox yake akataka kuihamisha ile jerikeni, kijana akampigia mluzi mrefu, mwenye Probox akarudi nyuma bila ubishi. Niliporudi garini jerikeni ilikuwa palepale.

Hakunipa pole hata moja. Na nilipowasha gari, akaja dirishani akanidai hamsini kama alivyowadai wote. Nikampa mia, nikamkataza kurudisha chenji, akashangaa kwa nini natabasamu.

Kwa hiyo inawezekana. Gharama yake ni jerikeni moja, maji ya bure ya Ziwa Victoria, na mtu mmoja aliyejisumbua kuuliza. Lakini mjini bado nangoja, na umri unakwenda, na unga unaisha nyumbani kila wiki. Nimeamua nisiwangoje askofu na mheshimiwa waguswe mioyo. Siku hizi nikilikuta gari la mtu kwenye nafasi ya buluu, namuuliza kwanza soja kama mwenyewe ana stika. Akisema hana, sipigi honi, sibishani. Naegesha nyuma yake, mkia kwa mkia, pua yangu kwenye njia kuu. Huko nyuma, kwa bahati nzuri, mlango wangu unafunguka wote. Nawasha hazadi, gari langu linakuwa halipo. Kisha naingia dukani kwa dakika mbili tu.

Mwendo wangu mnaufahamu, mmeuonea huruma siku nyingi. Unga uko mwisho kabisa wa duka. Foleni ya malipo ina watu, na mimi sipendi kupendelewa, hivyo nakataa kupishwa. Nikitoka namkuta bwana amesimama kwenye jua, funguo mkononi, jasho linamtiririka, anaitazama saa yake na kusema ana mkutano, ana mgeni, anachelewa ndege.

Namsikiliza mpaka mwisho. Halafu nampa pole. Ninazo nyingi, na zote nilipewa bure.